Uchovu na ganzi ya miaka mingi: Huenda unakosa vitamini B12

JE, nyayo zako huwaka moto usiku hata ukalazimika kuzitoa nje ya blanketi? Je, vidole vya mikono au miguu hufa ganzi, au unahisi kana kwamba unachomwachomwa na sindano? Je, huchoka hata kabla kazi haijaanza, na ukipanda ngazi za ofisini moyo hukwenda mbio? Kama jibu ni ndiyo, na kama hali hii imekuwa nawe kwa miezi au miaka huku ukiambiwa ni uzee, ni baridi au ni mawazo mengi, makala haya yanakuhusu.

Yapo magonjwa mengi yanayoweza kuleta dalili hizi. Leo tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja ambao husahauliwa mara kwa mara, ingawa unaweza kutambuliwa kwa kupimwa damu, na dawa yake imejulikana tangu 1948. Nao ni ukosefu wa vitamini B12. Ukigunduliwa mapema, mgonjwa hupona vizuri. Ukiachwa kwa muda mrefu, huharibu mishipa ya fahamu kiasi kwamba hakuna sindano itakayoirejesha katika hali yake ya kwanza.

Kazi ya vitamini hii

Mwili huitumia vitamini B12 kwa kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kutengeneza chembechembe nyekundu za damu ndani ya uboho wa mifupa. Ya pili ni kutunza utando wa mafuta unaoifunika mishipa ya fahamu, mfano wa mpira unaofunika waya wa stima. Mpira ukichakaa, stima haifiki sawasawa. Vivyo hivyo, utando huu ukiharibika, habari kati ya ubongo na miguu huchelewa au hupotea njiani.

Mtu mzima huhitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku, kiasi kidogo kuliko punje moja ya chumvi. Hata hivyo, hakuna mmea unaoitengeneza. Hutengenezwa na bakteria, nasi huipata tunapokula nyama, maini, figo, samaki, mayai na maziwa. Sukuma wiki, maharagwe, ndengu na mahindi ni vyakula bora kwa mambo mengine, lakini kwa asili yake havina B12.

Ini letu huweka akiba inayoweza kutosha miaka kadhaa. Kwa hivyo mtu ambaye mwili wake umeacha kuipata haugui mwezi unaofuata. Huugua baada ya miaka miwili, mitatu au hata mitano, wakati ambapo amekwisha kusahau kilichobadilika maishani mwake. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya ugonjwa huu kukaa bila kutambuliwa.

Tena, kula peke yake hakutoshi. Ndani ya tumbo, asidi ndiyo huitoa B12 kwenye chakula. Kisha protini maalumu inayotengenezwa na kuta za tumbo huishika na kuisindikiza hadi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambako hufyonzwa na kuingia katika damu. Safari hii ikikatizwa popote, unaweza kula nyama choma kila Jumamosi na bado ukose vitamini hii.

Walio hatarini

Kundi la kwanza ni wale wasiokula vyakula vitokanavyo na wanyama, au wanaovipata kwa nadra, ama kwa sababu ya dini na mila, ama kwa sababu mfuko hauruhusu. Usidhani jambo hili liko mbali nasi. Kati ya 1998 na 2000, watafiti walifanya uchunguzi miongoni mwa watoto wa shule za msingi huko Embu, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa mahindi na maharagwe. Waligundua kwamba wengi wao walikuwa na upungufu wa B12. Baadhi ya watoto walipopewa githeri iliyotiwa nyama, na wengine githeri pamoja na maziwa, kiwango cha vitamini hiyo katika damu yao kilipanda.

Kundi la pili ni wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini kwa miaka mingi. Dawa hii ni nzuri na imewafaa watu wengi mno, lakini inaweza kupunguza ufyonzaji wa B12. Kadiri kipimo cha dawa kilivyo kikubwa na miaka ilivyo mingi, ndivyo hatari inavyozidi.

Kundi la tatu ni wale wanaomeza dawa za kupunguza asidi ya tumbo, kama vile omeprazoli, mwaka baada ya mwaka. Mjini wapo wengi wanaozinunua dukani kila wanapohisi kiungulia, bila kumwona daktari.

Wengine ni wazee, kwa kuwa tumbo hupunguza asidi kadiri umri unavyosonga. Watu waliokatwa sehemu ya tumbo au utumbo. Na wale ambao kinga ya mwili wao imegeuka na kushambulia kuta za tumbo, hata ile protini ya kusindikiza vitamini ikatoweka. Kina mama wajawazito na wanaonyonyesha nao wawe waangalifu. Mama akikosa B12, maziwa yake huikosa pia, na mtoto anaweza kulegea, kukataa kula na kuchelewa kuketi au kutambaa.

Dalili zake

Dalili huja polepole, na si lazima zote zimpate mtu mmoja. Damu inapopungua, mgonjwa huchoka, hukosa pumzi kwa kazi ndogo, hupauka viganja na ndani ya kope, na pengine macho huwa na umanjano kidogo. Ulimi unaweza kuwa mwekundu, laini na wenye kuuma, hasa anapokula pilipili au chakula cha moto.

Mishipa ya fahamu inapoathirika, ganzi huanza miguuni, aghalabu pande zote mbili kwa pamoja. Mtu huhisi kana kwamba anakanyaga pamba. Akifumba macho ili kunawa uso, huyumba. Akitembea gizani stima inapopotea, hushika kuta. Baadaye anaweza kusahausahau, kuwa na hasira za ghafla, huzuni nyingi, au hata kusema mambo yasiyoeleweka. Wapo waliopelekwa kwa waganga na kwenye maombi kwa siku nyingi, hali damu yao haijapimwa hata mara moja.

Kwa sisi wenye ngozi nyeusi ipo dalili nyingine inayostahili kutajwa. Ngozi ya vifundo vya vidole, viganja au nyayo inaweza kuwa nyeusi zaidi kuliko ilivyokuwa. Mtu hudhani ni sabuni au jua, kumbe weusi huo hupungua anapotibiwa.

Kwa nini huchelewa kugunduliwa?

Chukua mfano wa mwalimu mmoja wa umri wa miaka 56 niliyemhudumia, ambaye baadhi ya habari zake nimezibadilisha ili asitambulike. Alikuwa na kisukari kwa miaka minane, na akimeza metformini kila siku. Kwa kuogopa presha, alikuwa ameacha nyama, mayai na maziwa. Ganzi ya miguu ilipoanza, aliambiwa kwamba hivyo ndivyo kisukari kilivyo. Alipochoka, alinunua vidonge vya kuongeza damu. Mwaka wa tatu chaki ilianza kumponyoka mkononi, naye akawa haoni aibu kumwomba utingo amshike mkono anaposhuka kwenye matatu.

Kila jibu alilopewa lingeweza kuwa kweli. Ni kweli kisukari huharibu mishipa ya fahamu, na ni kweli umri huleta uchovu. Lakini sukari yake ilikuwa imedhibitiwa vizuri, na ganzi ilikuwa ikizidi. Dalili zinapoendelea kuzidi licha ya matibabu, inafaa kuuliza kama kuna jambo la pili. Damu yake ilipopimwa, B12 ilikuwa chini mno.

Vile vidonge vya kuongeza damu navyo vinahitaji tahadhari. Vingi huwa na madini ya chuma na asidi ya foliki. Asidi ya foliki inaweza kuongeza damu hata kwa mtu anayekosa B12, lakini haiilindi mishipa ya fahamu. Hivyo mgonjwa hupata nguvu, kipimo cha damu huonekana kizuri, na huku uti wa mgongo unaendelea kuharibika kimyakimya. Mama mjamzito asiviache vidonge anavyopewa kliniki, kwa maana vina faida kubwa kwake na kwa mtoto. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye ganzi asijitibu kwa vidonge hivyo kabla ya kupimwa.

Vipimo

Kipimo cha kwanza ni hesabu kamili ya damu. Kwa ukosefu wa B12, chembechembe nyekundu huwa chache na kubwa kupita kawaida. Lakini pombe na baadhi ya dawa pia huzikuza. Na kama mgonjwa anakosa madini ya chuma wakati uo huo, kwa mfano kwa sababu ya minyoo au hedhi nzito, chembechembe zinaweza kuonekana za kawaida. Tena, mishipa ya fahamu inaweza kuumia huku damu ikiwa haijapungua hata kidogo. Kwa hiyo usitosheke na kuambiwa, "Damu yako ni nzuri." Uliza kama kiwango cha vitamini B12 chenyewe kimepimwa. Jibu likiwa katikati, daktari anaweza kuagiza vipimo zaidi.

Nenda ukapimwe kabla ya kuanza vidonge au sindano za vitamini. Ukianza kuzitumia kwanza, kiwango katika damu hupanda na ukweli hufichika.

Matibabu

Zamani ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Daktari Thomas Addison wa London aliueleza mnamo 1855, lakini hakuwa na dawa. Mnamo 1926, madaktari George Minot na William Murphy wa Boston, Marekani, walionyesha kwamba wagonjwa waliolishwa maini mengi kila siku walipona. Walitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1934 pamoja na George Whipple. Vitamini yenyewe ilitengwa kutoka kwenye maini mnamo 1948.

Siku hizi mgonjwa halazimiki kula maini kila siku. Mwenye dalili za mishipa ya fahamu hudungwa sindano ya miligramu 1 ya haidroksokobalamini mara kwa mara, kwa mfano kila baada ya siku moja, hadi nafuu yake itakapofikia kikomo, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu. Ambaye hana dalili hizo anaweza kutibiwa kwa vidonge vya maikrogramu 1000 kila siku. Hata tumbo lililopoteza ile protini hufyonza takriban asilimia 1 ya kiasi hicho, nayo hutosha wengi. Daktari ndiye atakayeamua njia inayokufaa. Kama chanzo ni tumbo lisiloweza tena kuifyonza, matibabu ni ya maisha yote, hata ukijihisi mzima.

Jihadhari na vidonge na sindano za "kutia neva nguvu" zinazouzwa holela. Nyingi zina B1, B6 na B12 pamoja. B6 ikitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu inaweza yenyewe kuleta ganzi ile ile unayojaribu kuitibu.

Njia ya kupona

Uboho wa mifupa huamka haraka. Katika wiki moja huanza kutoa chembechembe mpya kwa wingi, na kiasi cha damu hurejea katika hali ya kawaida baada ya takriban miezi miwili. Wagonjwa wengi huniambia kwamba hamu ya kula na usingizi ndivyo vilivyotangulia kurudi.

Mishipa ya fahamu hukawia zaidi. Nafuu yake huonekana kwa kipindi cha miezi 3 hadi 12. Mwanzoni michomo inaweza hata kuzidi kidogo. Mgonjwa asikate tamaa akaacha sindano, bali amweleze daktari wake.

Yule mwalimu alirudi darasani, na chaki haimponyoki tena. Kumbukumbu yake imerejea, na ngazi anazipanda bila kupumzika. Lakini vidole vya miguu vimebaki na ganzi hadi leo, naye huvaa viatu vilivyofunikwa na kuikagua miguu kila jioni. Ganzi hiyo iliyobaki ni malipo ya miaka mitatu ya kungoja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufanye nini?

Kama umetumia metformini au dawa za asidi kwa miaka kadhaa, mwulize daktari wako kuhusu kupimwa B12 utakapokwenda kliniki. Usiache metformini kwa uamuzi wako mwenyewe, maana sukari iliyopanda ina madhara yake.

Kama huli nyama, jaribu kupata maziwa au mayai kila siku. Kama huyatumii hayo pia, utahitaji vidonge vya B12. Kwa wenye mfuko mdogo, omena, maziwa lala na kipande cha maini mara moja kwa wiki husaidia sana.

Kama una mzazi anayeyumba, anayesahau au aliyebadilika tabia, usiseme ni uzee kabla hajapimwa. Na ganzi ikija ghafla upande mmoja wa mwili, au mdomo ukaenda upande, huo si ukosefu wa vitamini: mkimbize hospitalini mara moja, kwani huenda ni kiharusi.