Oda zimepungua na mke wangu hajui

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, naishi Tudor na mke wangu na mtoto wa miaka mitatu. Nimeendesha boda miaka sita katika steji moja hapa Mombasa. Miezi mitatu iliyopita nilijiunga na programu ndogo ya simu inayopeleka vyakula vya Kiswahili pekee, vinavyopikwa na kina mama majumbani: biriani, wali wa nazi na samaki wa kupaka, mahamri na mbaazi. Majuma mawili ya kwanza walilipa shilingi 200 kwa oda, na nilifikisha hata oda kumi kwa siku. Sasa ni shilingi 130. Jumatano iliyopita nilitoka saa nne asubuhi nikarudi saa tatu usiku, oda sita tu. Mafuta yalikula 350, bando 50. Steji nilikuwa nabaki na kama 800 baada ya mafuta.

Simu mpya na begi la chakula nilinunua kwa shilingi 18,000 ambazo mke wangu alinipa nimwekee, pesa za chama chake. Nilimwahidi nitazirudisha kwa mwezi mmoja. Kila usiku akiniuliza, namwambia kazi inaenda vizuri. Wenzangu wa steji wanasema nisipoonekana mwezi huu, nafasi yangu watampa mwingine. Wenye programu wanatuambia tuvumilie, Ramadhani oda zitajaa. Nivumilie au nirudi?

Mpanda Boxer, Tudor

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama pale unapomwambia mkeo kazi inaenda vizuri. Nitafika hapo. Tuanze na hesabu, kwa sababu naona umezoea kuhesabu oda, nami nataka uhesabu saa.

Jumatano yako: oda sita kwa 130 ni 780. Toa mafuta na bando, unabaki na 380. Kutoka saa nne asubuhi mpaka saa tatu usiku ni saa kumi na moja. Kila saa imekupa chini ya shilingi 35, na bado hujaweka kando pesa ya tairi wala ya kubadilisha oili. Andika hesabu hiyo kwenye daftari kila siku kwa juma zima, Ijumaa ikiwemo, kwa sababu naamini Ijumaa yako ni tofauti na Jumatano.

Saa hizo zinakwenda wapi? Nina jirani anayepikia programu ya namna hiyo, nami nimekaa jikoni kwake nikaona. Sosi ya biriani huwa tayari tangu asubuhi, lakini wali haupiki mpaka simu ilie, maana hataki mteja wake ale wali uliolala. Kijana wa boda anafika, anaketi barazani na helmeti mapajani. Anapewa chai. Dakika arubaini baadaye sosi inatiwa chombo chake, wali chombo chake, visije vikachanganyika njiani wali ukalowa. Mama anafunga mifuniko kwa plastiki mara mbili, kisha anamfuata kijana mpaka mlangoni akimsihi asipige breki za ghafla. Mapishi ni ya heshima na mama anafanya kazi yake kwa dhati. Lakini zile dakika arubaini hakuna anayemlipa kijana. Hoteli ya chipsi na kuku inakutoa mlangoni kwa dakika tano. Chakula cha nyumbani hakiharakishwi, na bei ya oda yako imewekwa kana kwamba kinaharakishwa.

Jambo la pili, waulize wenye programu kesho asubuhi: malipo ya mwendo yanafuata barabara, au mstari ulionyooka kwenye ramani? Wewe ni mtu wa Tudor, unajua ninachosema. Ukisimama ufukweni, Mishomoroni unaiona ng'ambo ya mkono wa bahari, karibu kama ya kugusa. Kwa pikipiki lazima uzunguke Buxton, uvuke Daraja la Nyali, upite Kongowea na foleni yake, ndipo uikate Kisauni. Oda za Likoni nazo zina feri, na feri haijui kama pilau inapoa. Kama wanakulipa mstari wa ramani, kila oda ya ng'ambo unaisafirisha kwa mfuko wako, na una haki ya kuikataa. Uliza pia ukikataa wanakupunguzia oda au la.

Zile 200 za mwanzo zilikuwa pesa za kuwavuta ninyi na wateja. Kampuni changa hufanya hivyo mahali pengi, kisha pesa ya kuanzia ikipungua, bonasi ndiyo ya kwanza kukatwa. Usikae ukizingoja zirudi. Hata wakubwa biashara hii imewashinda: Jumia Food ilifungwa mwishoni mwa 2023 katika nchi zote saba ilizokuwemo, Kenya ikiwa mojawapo. Na hawa wako wamejifunga kwenye chakula ambacho watu wengi hukiagiza Ijumaa, sikukuu na siku ya wageni. Siku nyingine watu wanakula walichopika.

Sasa Ramadhani. Ni kweli oda zitajaa, ila ziangalie zitajaa saa ngapi. Mchana kutwa simu itanyamaza. Kisha alasiri ikiisha watu wote wataagiza pamoja, na wote watataka chakula kiwe mezani kabla ya adhana ya magharibi. Wewe ni mmoja na Boxer ni moja. Ukibeba oda tatu kwa wakati huo umejitahidi sana, na ya nne itafika watu wameshafuturu, wakunung'unikie wewe uliye mlangoni. Mwezi ule una saa moja na nusu ya pesa nzuri kila siku. Ichukue, lakini haiwezi kulisha nyumba peke yake.

Kwa hiyo rudi steji, mwanangu, na urudi juma hili kabla nafasi yako haijapewa mtu. Nenda kwa mwenyekiti, mweleze ulikokuwa, lipa michango uliyokosa hata kama ni kidogo kidogo. Steji ndiyo itakayokuchangia ukianguka. Katika programu, kama nyingi za aina hiyo, nadhani mkataba unakuita mshirika. Neno hilo lina uzito: sheria yetu ya fidia kwa wanaoumia kazini, ya 2007, inamlinda mwajiriwa, na mshirika anaweza kuachwa nje. Usome mkataba wako wote, na kama hujalipa bima ya afya ya SHA, lipa.

Programu usiifute. Iwashe Ijumaa mchana, iwashe jioni za Ramadhani, chukua oda za kisiwani tu. Umeshanunua begi, lifanye kazi saa zinazolipa. Baadhi ya vijana huwapa wale kina mama namba zao wapeleke chakula pembeni. Kama mkataba umekataza, usifanye. Akaunti ya mama ikifungwa, ni yeye atakayebaki na sufuria zimejaa.

Nimefika kwa mkeo.

Zile 18,000 si zake peke yake. Ni za wanawake wenzake, na iko siku atatakiwa aziweke mbele yao. Wewe unaijua siku hiyo? Kama huijui, hilo ndilo swali la kwanza kumuuliza. Mimi nimekaa kwenye vyama miaka mingi, na nimemwona mwanamke akisimama mikono mitupu mbele ya wenzake huku akimtetea mume aliyemwambia mambo yako sawa. Aliacha kuja kwenye mikutano, na baadaye hata kusalimia watu sokoni kulimshinda. Pesa yenyewe ilikuwa ndogo kuliko hiyo yenu.

Hukuiba, wala hukuzilewea. Ulijaribu kazi mpya kwa ajili ya nyumba yako, na kazi haikuleta ulichoahidiwa. Mke aliyekukabidhi amana ya chama chake anaweza kulisikia hilo. Kinachomuumiza ni kila usiku unaoongeza. Mwambie kiasi kamili, mwambie umebaki na nini mkononi, na mpange pamoja: ukirejea steji na kubaki na 800, mkiweka 200 kila siku, siku 90 zimelipa deni lote. Kama siku ya chama iko karibu zaidi ya hapo, iuzeni hiyo simu mpya urudi kwenye ya zamani kwa muda, na yeye mwenyewe akazungumze na mweka hazina mapema, kabla hajaulizwa.

Leo usingoje oda ya mwisho. Zima simu magharibi, nenda nyumbani mtoto akiwa bado macho. Akishalala, keti na mkeo, umwekee daftari mbele yake, kwenye ukurasa wa Jumatano.