Kicheko cha Nyumbani: Somo juu ya Mchezo wa Vitimbi



Majira ya kipupwe yafikapo huku Ufipa, upepo wa baridi hushuka kutoka milima ya Mbizi, na mji wa Sumbawanga hujifungia milango mapema. Mahindi yamekwisha kuvunwa, kazi za shamba zimepungua, na watu wa nyumba moja huketi pamoja karibu na jiko la mkaa. Jioni moja ya namna hiyo kijana wa nyumba yetu alichomeka flashi nyuma ya televisheni, akasema, "Babu, leo nimewaletea mchezo wa zamani zenu." Tulipotazama, tulimwona mzee mwenye maneno mengi akijitetea mbele ya mkewe. Ndiye Mzee Ojwang, na mkewe ndiye Mama Kayai, katika ule mchezo wa Kenya uitwao Vitimbi.

Tulicheka hata machozi yakatutoka. Lakini kabla ya kulala tuliulizwa neno na mtoto mdogo, nasi hatukuweza kumjibu upesi. Basi somo hili limetoka katika neno lile. Twaliandika kwa ajili ya wenye nyumba, na kwa ajili ya waalimu wafundishao watoto, maana wote hao huchekesha na huchekwa.

1. Mchezo wenyewe

Kwanza tuyajue maneno. Kitimbi ni hila, au jambo la ujanja lifanywalo ili kumpata mwenzio; na vitimbi ni hila nyingi. Kenya walianza kuwa na televisheni mwaka 1962. Shirika lao la utangazaji liliitwa Sauti ya Kenya tangu 1964, na mwaka 1989 likarudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Katika shirika hilo ndimo ulimotoka Vitimbi, na pia ndugu yake Vioja Mahakamani, mchezo wa kesi za kuchekesha. Michezo yote miwili ilitumia Kiswahili, kwa hiyo haikuhitaji mkalimani ilipovuka mpaka kuja kwetu.

Jina la Mzee Ojwang, ambaye aliitwa pia Hatari, lilikuwa jina la mchezoni tu. Jina lake la kweli ni Benson Wanjau. Mama Kayai naye ni Mary Khavere. Wawili hao walicheza kama mume na mke kwa miaka mingi, hata watazamaji wengi wakadhani ni mume na mke kweli. Wanjau alifariki Nairobi mwezi wa Julai mwaka 2015, naye alikuwa mzee.

Mambo yaliyomo si makubwa. Hakuna wafalme wala vita. Mume hujiona mjanja. Amepata njia ya fedha ya mkato, au ana jambo analolificha. Mke humwuliza neno moja, kisha la pili, na hila yote huporomoka kama ukuta wa matofali mabichi wakati wa masika. Mtazamaji hucheka kwa sababu yule mume amemwona kwa jirani. Akitazama vizuri zaidi, hujiona mwenyewe.

2. Jinsi michezo hii ilivyotufikia

Vijana hudhani ya kuwa televisheni imekuwako siku zote. Sivyo. Zanzibar waliipata mapema katika miaka ya 1970, nayo ikawa ya rangi. Lakini Tanzania Bara hatukuwa na kituo chetu hata mwaka 1994. Kabla ya hapo mwenye uwezo alinunua deki na kanda za video, na kanda moja ilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka picha ikaanza kutetemeka. Na sisi wa Ufipa tulikuwa mbali zaidi. Kabla ya lami kufika kutoka Tunduma, mzigo wowote ulitujia pamoja na vumbi lake, au pamoja na tope lake.

Baada ya kanda zilikuja sidii, na kwa sidii hizo watu wetu wengi walimjua King Majuto wa Tanga, ambaye jina lake ni Amri Athumani, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 8 Agosti 2018. Baada ya sidii zikaja flashi na kadi za simu, na intaneti, ambamo vipindi vya kale vya Vitimbi vyapatikana tena. Hivyo mchezo ambao zamani ulipita mara moja ukatoweka, leo waweza kurudishwa nyuma, ukasimamishwa, ukatazamwa mara kumi.

Twaona faida yake, tena twaona hasara. Faida ni kwamba mjukuu aweza kucheka kile alichokicheka babu yake. Hasara ni kwamba zamani televisheni moja ilikusanya majirani wote. Mtoto alikaa chini, mzee alipewa kiti, na mama mwenye nyumba aligawa karanga. Walicheka wote kwa wakati mmoja, na mtoto alijifunza jambo la kuchekwa na lisilo la kuchekwa kwa kutazama nyuso za wakubwa. Sasa kila mmoja huinamia simu yake, hucheka peke yake, wala hapana uso wa mtu mzima wa kumwambia, "Hapo sivyo."

3. Swali la mtoto

Basi usiku ule mtoto wa miaka tisa alituuliza hivi: "Babu, mbona mnacheka asemavyo, wala si asemalo?"

Tulinyamaza. Ni kweli. Mzee Ojwang alikuwa akisema Kiswahili kwa ulimi wa Wajaluo, ambao sauti ya sh huwa ngumu kwao, hata shida huwa sida. Kila alipolitamka neno la namna hiyo tulicheka, hata kama neno lenyewe halikuwa na kichekesho chochote.

Wapenzi, hapa hatuna budi kuungama jambo letu wenyewe. Zamani tulipokuwa tukifundisha darasa la kusoma, alikuja mtoto mmoja kutoka bondeni, upande wa ziwa Rukwa. Aliposimama kusoma, alilitamka neno moja kwa ulimi wa kwao. Nasi tuliokuwa mbele, tuliokuwa na chaki mkononi, tulicheka. Na mwalimu akicheka, darasa lote hucheka. Mtoto yule aliketi. Wiki iliyofuata hakuja, wala wiki ya pili. Tulisema moyoni, "Watoto wa bondeni ni wavivu." Tuliyasema hayo kwa sababu yalitupunguzia lawama.

Miaka mingi ikapita. Siku moja tulimkuta sokoni mjini, mtu mzima, akiuza mchele wa bondeni. Alitutambua yeye kwanza, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Tukaitikia marahaba. Tukamwomba radhi kwa jambo lile, tukidhani amekwisha kulisahau. Akapima mchele wetu kwanza, akaufunga vizuri, ndipo akajibu, "Neno lenyewe nimelisahau, mwalimu. Kicheko sijakisahau." Kisha akatuongezea kopo moja bila ya malipo. Ule mchele wa nyongeza ulikuwa mzito mkononi kuliko mfuko mzima.

4. Utani na dhihaka

Je, tuseme basi ya kuwa Vitimbi ni mchezo mbaya, na kicheko ni kibaya? La. Wazee wetu walijua namna mbili za kumcheka mtu, nao waliziita kwa majina mawili: utani na dhihaka.

Utani ni kicheko chenye undugu ndani yake. Babu humtania mjukuu, shemeji humtania shemeji, na makabila nayo yana watani wao, kama Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani aweza kukuambia neno ambalo mtu mwingine angelisema ungekasirika. Lakini utani una deni. Ukifiwa, mtani wako ndiye huja. Hushika jembe la kaburi, hupika, huchekesha wafiwa ili wasizame katika huzuni. Aliyekucheka ukiwa mzima hakuachi ukiwa maiti. Tena utani huenda na kurudi: leo wewe, kesho mimi.

Dhihaka haina deni. Mwenye dhihaka hucheka kutoka juu, akaenda zake. Anayechekwa hana ruhusa ya kujibu, kama mtoto yule mbele ya mwalimu mwenye chaki. Basi maneno yaweza kuwa yale yale, na sauti ile ile. Bali tofauti i katika mambo haya mawili: je, anayechekwa aweza kurudisha? Na je, anayecheka atakuja siku ya msiba?

Sasa mtazame tena Mzee Ojwang kwa kipimo hicho. Benson Wanjau hakuwa Mjaluo, alikuwa Mkikuyu. Kabila hizo mbili zimekuwa na mashindano makali ya siasa katika Kenya, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ugomvi wa makabila uliua watu zaidi ya 1,000, na malaki wakakimbia makwao. Katika nchi hiyo Mkikuyu alisimama miaka mingi akiitwa kwa jina la Kijaluo, akisema kwa ulimi wa Kijaluo, na Wajaluo wenyewe wakampenda kama mzee wao. Hatusemi ya kuwa mchezo waweza kuzuia vita, haukuzuia. Twasema tu ya kuwa Wanjau hakuazima jina lile kwa jioni moja akalitupa. Alilivaa hata uzee wake, hata watu wengi wakalijua hilo kuliko jina alilopewa na wazazi wake. Huo ulikuwa karibu sana na utani.

Lakini mtazamaji je? Mchezaji aweza kutania, na mtazamaji akadhihaki. Hilo halimo katika flashi, bali limo ndani yetu sisi tuliokaa kando ya jiko.

5. Namna ya kutazama tena mchezo wa kale

Mtu arudipo kwenye mchezo alioupenda ujanani, huona mambo ambayo hakuyaona. Sisi zamani tulimshangilia mume kwa ujanja wake. Safari hii tulimtazama mke: jinsi anavyosikiliza, jinsi anavyongoja, jinsi anavyobaki na kazi ya kuitengeneza nyumba baada ya hila kuvunjika. Mchezo ni ule ule. Tulioongezeka miaka ni sisi. Kwa hiyo twatoa mashauri matatu.

Mosi, tazameni pamoja. Wekeni simu kando kwa saa moja, mtoto na mzee wacheke mahali pamoja, ili mtoto aone uso wa mkubwa wake.

Pili, simamisheni picha mtoto akiuliza. Mashine za leo zina kitufe cha kusimamisha, nacho ni kitufe chema kuliko vyote. Swali la mtoto likipita halirudi, bali mchezo wangoja.

Tatu, waambieni watoto ukweli juu ya siku zile: ni nani tuliyemcheka, na kwa nini. Wala tusijifanye wema kuliko tulivyokuwa.

Asubuhi yake tulimwita yule mtoto, tukamjibu: "Tulicheka asemavyo kwa sababu hatukumkumbuka mtu fulani." Akauliza ni nani, nasi tukamsimulia habari za mtoto wa bondeni. Jumamosi tulikwenda naye sokoni. Alimwamkia muuza mchele, kisha wakaanza kutaniana juu ya jino la mtoto lililong'oka, na yule mtu akamwuliza kama meno yake huyauza kwa kilo au kwa kopo. Mtoto alimjibu papo hapo, "Kwa kopo, na nyongeza juu." Tulicheka sote watatu.

Maswali ya kuzungumza

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe tofauti ya utani na dhihaka. Toa mfano mmoja wa kila namna kutoka mtaa wenu au kijiji chenu.
2. Katika darasa lako, au nyumbani mwako, ni nani asiyeweza kurudisha kicheko? Wafanya nini kwa ajili yake?
3. Ni mchezo gani wa zamani uliokuchekesha ujanani? Ukiutazama leo, utamtazama nani ambaye zamani hukumwona?
4. Je, yuko mtu ambaye wewe umelisahau neno, naye hajakisahau kicheko?