Mpiga Debe Hasafiri: Maswali ya Pesa kwa Abiria wa Daladala

Mshauri wa uwekezaji anajibu wasomaji wa Dar es Salaam.

Nina Sh milioni 2 za ada ya mwanangu, zinatakiwa Januari. Ninunue hisa ziongezeke? (Mama, Tabata)

Hapana, mama. Kabla ya kuchagua gari, jiulize unatakiwa kufika saa ngapi. Soko la Hisa la Dar es Salaam linafanya kazi tangu 1998 na lina kampuni nzuri, lakini hisa nyingi haziuziki haraka. Unaweza kusubiri mnunuzi kwa wiki kadhaa. Ada iache benki. Hisa ni za pesa usiyoihitaji kwa miaka mitano au zaidi.

Rafiki yangu ameniita kwenye mpango unaozidisha pesa mara mbili kwa miezi mitatu. Yeye kashalipwa.

Mtazame mpiga debe pale Buguruni. Anaita "siti zipo!", anakushika mkono, anakusogeza hadi mlangoni. Gari likijaa konda anampa chake, gari linaondoka, yeye anabaki kituoni. Hasafiri. Kwa hiyo hana hasara yoyote gari likikatisha ruti na kuwashusha njiani.

Anayekuita baada ya kulipwa yuko kama mpiga debe huyo. Tulishayaona haya kwenye mpango wa DECI, uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Watu waliambiwa "wapande mbegu", na waliotangulia kuvuna wakawavuta ndugu na majirani. Rafiki yako huenda hakudanganyi, kweli kalipwa. Muulize faida hiyo imetokana na biashara gani. Akikosa jibu, basi kalipwa kwa pesa za waliomfuata, na sasa wanatafuta yako. Kisha ulizia leseni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na uulize wewe mwenyewe, usikubali kuonyeshwa karatasi tu.

Ada ya kusimamiwa uwekezaji, asilimia 2 kwa mwaka, ina uzito gani?

Jioni Kariakoo, wa Gongo la Mboto wengi hugeuza na gari: wanalipanda likiwa bado linakuja mwisho wa ruti, wanalipa nauli mbili, wanapata siti. Sioni ubaya, safari ni ndefu na mtu amechoka. Ila aliyegeuza anajua kalipa mara mbili, wawekezaji wengi hawajui. Sh milioni 1 ikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 20 inakaribia milioni 6.7. Ada ikila asilimia 2, ikabaki kukua kwa asilimia 8, ni kama milioni 4.7. Lipia huduma unayoiona, nyingine ikatae.

Kipato changu ni kidogo. Nianzie wapi?

Anayeingia kazini saa 2 akitokea Mbagala hutoka alfajiri, kwa sababu ipo siku lori litaharibika njiani. Akiba ya dharura ni muda huo wa ziada. Bila hiyo, mtoto akiugua utalazimika kuuza uwekezaji wako, tuseme hatifungani, wakati mbaya, maana riba mpya zikipanda, bei ya hatifungani za zamani hushuka. Weka kwanza matumizi ya miezi mitatu mahali unapoweza kuyatoa upesi, hata ikikuchukua miaka miwili.