Kuvusha Njia kwa Mipaka: Ruta Mbili na Uvumi Mmoja

Wengi wetu tuliopita kwenye kozi ya mitandao ya kompyuta tunaijua amri ya redistribute kama mstari mmoja wa maabara. Unaiandika, unapiga ping kutoka upande wa RIP kwenda upande wa OSPF, majibu yanarudi, unapiga picha ya skrini, unaibandika kwenye ripoti. Alama zako hizo. Mimi nasoma ualimu, na mwakani huenda nikasimama mbele ya darasa la kompyuta, kwa hiyo jambo hili limenikaa kichwani: tunafundishwa vizuri kufungua mlango, ila habari za kuufunga tunaachiwa tukazidese wenyewe usiku wa kuamkia pepa. Makala hii ni ya huko kwenye kufunga.

Kwa wenzangu wa kozi nyingine, kwanza msingi. Ruta ni kifaa kinachoamua pakiti yako ipite wapi. Ruta hupashana habari za njia kwa kutumia itifaki, na itifaki hizo zinafikiri tofauti kabisa. RIP, ya zamani, huhesabu ruta za kupitia tu. Mwisho wake ni 15, ikifika 16 mtandao huo unahesabiwa haufikiki. OSPF hupima gharama ya kila kiungo, kwa kawaida kutokana na kasi yake. Sasa chukua chuo ambacho majengo ya zamani yanatumia RIP na mapya yanatumia OSPF. Lazima pawe na ruta ya mpakani inayozijua zote mbili na kuzitoa njia za huku kuzipeleka kule. Kazi hiyo nitaiita kuvusha njia.

Tatizo ni kwamba njia inapovuka haivuki na historia yake. Hatua sita za RIP hazina maana yoyote kwa OSPF, hivyo ruta ya mpakani huiandikia njia hiyo bei mpya. Kwenye ruta za Cisco, njia ya RIP ikiingia OSPF hupewa 20 kama hukusema lolote. Mtandao uliokuwa hatua 2 na ule uliokuwa hatua 14, wote 20! Ukivusha kutoka OSPF kwenda RIP, lazima utaje bei mwenyewe, na wengi huandika 1 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mfano wa kitabu. Ishike hiyo 1, tutaihitaji.

Ukiwa na ruta moja tu ya mpakani, kwa kawaida mambo yanakwenda na ping inajibu. Ndiyo maana maabara inatuhadaa. Lakini hakuna fundi makini anayeacha chuo kizima kining'inie kwenye ruta moja, ikizima umeme kila mtu gizani. Anaweka mbili, tuziite A na B, zote zikivusha pande zote mbili. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Tuseme kuna mtandao X ndani ya RIP. A anausikia kwa RIP, anauvusha kwenda OSPF. B naye anausikia mara mbili: kwa RIP moja kwa moja, hatua tano, na kwa OSPF kupitia A. Amwamini nani? Ruta za Cisco zina kiwango cha kuaminiana kati ya itifaki, na namba ndogo ndiyo inayoshinda: OSPF 110, RIP 120. B anaiweka kando habari ya kweli na kuchukua ya kusikia. Haiishii hapo. Kwa kuwa sasa X kwenye jedwali lake ni njia ya OSPF, B anaivusha kurudi RIP, kwa ile bei ya 1. Ruta za RIP zilizo jirani na B zinaona X iko hatua moja tu, zinaacha njia yao ya kweli. Pakiti inayokwenda X inapelekwa kwa B, B anampa A, A anairudisha ndani ya RIP, na huko ikikutana na ruta iliyokwishadanganyika inarudishwa kwa B. Inazunguka hivyo mpaka umri wake unakwisha, inatupwa. Mtumiaji anaona ukurasa unazunguka tu, na analaumu bando.

Hapa chuoni tunalijua jambo hili kwa jina jingine: uvumi. CR anasema kwenye grupu la darasa kwamba huenda test ikasogezwa. Mmoja anapeleka kwenye grupu la hosteli, mwingine analitoa la hosteli na kulirudisha la darasa, na CR mwenyewe akilisoma anasema, "Kumbe wameshathibitisha!" Maneno yake yamemrudia bila jina lake. WhatsApp ilipoamua kupunguza uvumi ilifanya mambo mawili: ikaweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na ikaweka ukomo wa mazungumzo unayoweza kuusambazia kwa mara moja, matano tangu Januari 2019 duniani kote. Wahandisi wa mitandao wana dawa hizo hizo mbili, na walikuwa nazo zamani.

Alama ndiyo tagi. A na B wanapovusha njia kutoka RIP kwenda OSPF, wanaibandika namba, tuseme 120. Kisha kwenye upande wa kurudi unaandika sharti, kwa amri ya route-map, kwamba chochote chenye tagi 120 kisirudi RIP. Namba yenyewe haina uchawi, ni yako kuchagua. Kinachotakiwa ni kwamba A na B wote waijue, na upande wa pili ufanye hivyo kwa namba yake. RIP toleo la 2 inabeba tagi. Toleo la 1 haina pa kuiweka. Kama bado una ruta za toleo la 1, itabidi uorodheshe mitandao yenyewe kwa anwani, hii ipite, ile isipite. Ni kazi ya mkono, na kila jengo jipya likija unarudi kuihariri.

Lakini tagi haimalizi kila kitu, na hapa naona vitabu vingi vinakimbia. Inazuia kitanzi, sawa. Ila B bado anaiamini OSPF kwa 110, kwa hiyo pakiti ya kwenda X inazungukia kwa A wakati mlango ulikuwa pale pale. Ili kurekebisha, unaishusha hadhi ya njia za OSPF zilizotoka nje, unazipa 130 hivi, ili RIP ishinde kwenye mambo yake yenyewe.

Dawa ya pili ni ukomo wa idadi. Kwenye OSPF ya Cisco unaandika redistribute maximum-prefix 500 80, maana yake: zikivuka njia 400 toa onyo, zikifika 500 usivushe nyingine. Kwa nini ukomo? Kwa sababu kila njia iliyovushwa kuingia OSPF husambazwa kwa ruta za ndani, na kila ruta hubeba zote kwenye kumbukumbu yake. Jedwali la intaneti nzima leo lina njia zaidi ya 900,000 za IPv4. Zikimwagika kwa bahati mbaya kwenye ruta ndogo za chuo, zinalala chali. Lakini ukomo hauchagui. Njia ya 501 inaweza kuwa ndiyo ya hospitali ya chuo. Kwangu mimi ni breki ya dharura, chujio ni tagi.

Na haya si mambo ya maabara tu. Tarehe 25 Aprili 1997, mtoa huduma mmoja wa Virginia, Marekani, mwenye namba 7007, alizitangaza upya njia za watu wengine zikiwa zimekatwa vipande vidogo vya /24, huku kumbukumbu ya mitandao zilikopitia imefutika. Ruta duniani hupendelea anwani mahsusi zaidi, kwa hiyo ziliona 7007 ndiko nyumbani kwa kila mtu. Sehemu kubwa ya intaneti ikakwama. Ruta yenyewe ilichomolewa, lakini njia zile ziliendelea kuzunguka kwa muda.

Kama hilo la mwisho unaliona la ajabu, jaribu hivi mkiwa na nafasi ya maabara. Jenga A na B bila tagi, kisha uzime mtandao X kabisa. Tazama jedwali la B, halafu la A. A anaisikia X kwa RIP kutoka kwa B, B anaisikia kwa OSPF kutoka kwa A, na mtandao uliokufa unaweza kuendelea kutangazwa kana kwamba upo. Pigeni traceroute kwenda X, mhesabu pakiti inapita kwa A mara ngapi. Kisha ongezeni tagi, mtazame jedwali tena.