Kabla hujalipia tangazo Google, jua ni nani anabonyeza

Mwaka jana shemeji yangu alinunua mashine ya kufyonza vumbi, ndoo mbili na fulana tano zenye jina la biashara yake ya kusafisha nyumba. Yeye na dada yangu walikuwa wamefanya usafi wa hoteli kwa miaka minne hapa Portland, Maine, wakaona sasa wajitegemee. Jumamosi moja akaja kwangu na kompyuta chini ya kwapa.

"Shemeji, wewe umesoma. Tuweke tangazo Google, watu waanze kupiga simu."

Nikasema haya, tuweke. Tukafungua akaunti ya matangazo, tukaingiza kadi ya benki, tukaandika dola 20 kwa siku, tukanywa chai.

Simu zililia kweli. Kufikia siku ya kumi na moja tulikuwa tumetumia dola 213. Watu 61 walikuwa wamebonyeza tangazo, na simu tisa zilikuwa zimeingia. Kati ya hizo tisa, saba zilikuwa za watu wanaotafuta kazi ya usafi. Mmoja wao alikuwa jirani yetu wa zamani kambini Nyarugusu. Alifurahi sana kusikia sauti ya dada yangu, wakaongea nusu saa nzima. Mbili zilizobaki ziliuliza bei zikakata. Mteja hata mmoja hatukupata, na hizo dola 213 zilikuwa za bima ya gari ya mwezi ule.

Kosa lilikuwa letu, na zaidi langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekubali kila kitu kwenye skrini bila kusoma. Tangu hapo wamekuja ofisini mama anayesuka nywele, kijana mwenye gari la kuhamisha vyombo, na baba na mama wanaopika sambusa na pilau kwa sherehe, wote na ombi lile la shemeji. Ndiyo maana naandika somo hili.

Unacholipia ni nini hasa

Mtu akitafuta huduma kwenye Google, kwa kawaida huona vitu vya aina tatu. Kuna matokeo yenye neno "Sponsored", mara nyingi juu kabisa: hayo ni matangazo ya kulipia. Kuna ramani yenye biashara chache za karibu. Halafu kuna orodha ya tovuti za kawaida, ambazo hazijalipia kuwa pale.

Nafasi za matangazo hugawanywa kwa mnada, na mnada huo hufanyika upya kila mtu anapotafuta, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kila mwenye tangazo ameshasema yuko tayari kulipa kiasi gani. Lakini Google haiangalii pesa peke yake. Huangalia pia kama tangazo linajibu kile mtu alichoandika, na kama ukurasa anaopelekwa unamsaidia. Kwa hiyo mwenye pesa kidogo na tangazo lililo wazi anaweza kukaa juu ya mwenye pesa nyingi.

Mtu akiliona tangazo lako akapita, hulipi. Akibonyeza, umelipa, hata akiondoka baada ya sekunde mbili. Sokoni Nyarugusu mtu alikuwa anashika nyanya zako, anazigeuza, anaziacha, na huwezi kumdai kitu. Huku, kila anayeshika nyanya unatozwa wewe mwenye nyanya. Basi kazi yako kubwa ni kuhakikisha wanaoshika ni wale waliokuja kununua.

Jambo la bajeti nalo liwekwe wazi. Ukiandika dola 20 kwa siku, siku moja unaweza kutozwa hadi dola 40, kwa sababu Google inaruhusu siku yenye watafutaji wengi kutumia hadi mara mbili ya kiasi ulichoweka. Kwa mwezi haizidishi mara 30.4 ya bajeti ya siku, yaani dola 608. Kabla hujaandika namba yoyote, izidishe kwa 30.4 kwanza, kisha jiulize kama pesa hiyo unayo.

Tulipokosea

Unapotengeneza tangazo la utafutaji unachagua maneno ambayo mtu akiyaandika, tangazo lako liingie mnadani. Sisi tuliandika neno moja, "cleaning", kwa sababu lilionekana kubwa. Usipobadilisha kitu, Google huchukua maneno yako kwa upana, yaani pia utafutaji inaouona unakaribiana nayo. Baadaye nilifungua ripoti iitwayo "Search terms", inayoonyesha baadhi ya maneno ambayo watu waliyaandika kweli. Kulikuwa na "cleaning jobs near me", "cleaning jobs no experience", mtu aliyetaka kusafisha meno, na mtu aliyetafuta jinsi ya kutoa doa la mvinyo kwenye zulia. Wote tuliwalipia sisi.

Ripoti hiyo ningeifungua siku ya pili, si ya kumi na moja. Kwa maoni yangu ndiyo ukurasa wenye thamani kuliko zote kwenye akaunti, na ndiyo ambao wengi hawaufungui.

Dawa ina sehemu mbili. Kwanza, andika maneno ya mtu anayetaka kuajiri, si ya mtu anayetaka kujua: "house cleaning service", "move out cleaning". Ukiyafunga kwa alama za nukuu, Google inabaki karibu zaidi na maana yake. Ukiyaweka ndani ya mabano ya mraba, inabana zaidi. Pili, weka maneno ya kuzuia. Mtu akiandika neno ulilolizuia, tangazo lako halitokei. Kwa biashara ya usafi anza na "jobs", "hiring", "salary", "supplies", "dental" na "how to". Mama wa kusuka nywele atazuia "school", "tutorial" na "license", maana wengi wanaotafuta kusuka wanataka kujifunza.

Mahali pia palitupa shida. Nilipoandika Portland, orodha ilileta kwanza ile ya Oregon, upande wa pili wa nchi. Hiyo angalau niliiona. Nisichokiona ni kwamba kwa kawaida mpangilio huhesabu watu walioko eneo lako pamoja na wale walioonyesha tu kupendezwa nalo, hata kama wako Texas. Kuna chaguo la kubaki na walioko au wanaofika mara kwa mara, linaloitwa "Presence". Mwenye pesa kidogo alichague hilo. Nakubali kuna ubaguzi hapa Maine: mwenye nyumba ya kiangazi anaweza kuwa Boston na akahitaji mtu wa kusafisha. Lakini huyo mtafute baadaye, ukishapata wateja wa Westbrook na South Portland.

Jambo jingine dogo: waambieni ndugu wasibonyeze. Shemeji alituma habari kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kwamba tumetoka Google, na watu wakafungua tangazo kutoka Ohio hadi Arizona kutupongeza. Google huchuja baadhi ya mibonyezo isiyo halali, lakini usitegemee kwamba shangazi yako atachujwa. Ukitaka kuliona tangazo lako, ndani ya akaunti kuna chombo cha kulitazama bila kubonyeza.

Anza na kile cha bure

Sasa niseme kile ambacho ningepaswa kumwambia shemeji Jumamosi ile kabla ya chai. Biashara zile za kwenye ramani hutoka kwenye ukurasa uitwao Google Business Profile, na kuufungua ni bure. Unaandika jina la biashara, namba ya simu, saa za kazi na aina ya huduma, unaweka picha, halafu Google inathibitisha kwamba biashara ipo kweli, mara nyingi kwa kukutaka urekodi video ya vifaa vyako na kazi yako. Kama wateja hawaji kwako bali wewe ndiye unayewafuata, ficha anwani ya nyumbani na uonyeshe tu miji unayohudumia. Hakuna haja ya dunia nzima kujua mlango wenu.

Google yenyewe inaeleza kwamba nafasi kwenye ramani hutegemea mambo matatu: huduma yako inalingana vipi na kilichotafutwa, uko umbali gani, na biashara inajulikana kiasi gani. Nafasi hiyo hainunuliwi. Basi mtu akikupigia simu akisema ametoka Google na ukurasa wako utafutwa leo usipolipa dola kadhaa, kata simu. Familia mbili hapa wameshapigiwa, na moja ilikuwa imeshaanza kusoma namba za kadi.

Biashara hujulikana pia kwa maoni ya wateja na nyota zao. Hapa naomba tusikilizane, kwa sababu najua tabia yetu ya kusaidiana. Binamu ambaye hujawahi kumsafishia nyumba asikuandikie nyota tano. Google inakataza, na tangu Oktoba 2024 iko kanuni ya serikali ya Marekani, chini ya tume ya FTC, inayokataza maoni ya uongo na kuruhusu faini. Mwombe mteja wa kweli, siku hiyohiyo, wakati bado ananusa sabuni. Dada yangu huwatumia kiungo kwa simu akiwa bado garini.

Kuhesabu

Akaunti ya matangazo inapenda kukuonyesha idadi ya walioona na waliobonyeza. Namba hizo hazilipi kodi ya nyumba. Zile 61 zetu zilipendeza sana kwenye skrini. Kuna chombo cha bure, Google Analytics, kinachoonyesha wanaofika kwenye tovuti yako wametoka wapi na wamefanya nini. Ni kizuri, lakini kama huna tovuti hakikuhusu bado. Ukurasa wa ramani una takwimu zake ndogo zinazoonyesha waliobonyeza kupiga simu na maneno waliyotafuta. Zinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Pamoja na hizo, nunua daftari. Kila simu, uliza "umetupata wapi?" na uandike: tarehe, jibu, amekubali au hapana, kiasi alicholipa. Mwisho wa mwezi gawanya pesa ya tangazo kwa idadi ya wateja walioletwa na tangazo. Kama nyumba moja inakuachia dola 60 baada ya sabuni na mafuta ya gari, na kila mteja amekugharimu dola 70 kumpata, basi unapata hasara, isipokuwa awe anarudi kila wiki mbili. Ndiyo maana kwenye daftari weka pia alama ya wanaorudi.

Mtu akijitolea kukuendeshea matangazo kwa malipo, sharti la kwanza ni akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako, yeye apewe ruhusa tu. Mama mmoja aliachana na wakala wake na hakubaki hata na picha. Kila kitu kilikuwa kwa jina la wakala.

Shemeji alisimamisha tangazo miezi mitatu, jambo linalowezekana wakati wowote. Akajaza ukurasa wa ramani na kukusanya maoni kumi na moja ya kweli. Sasa ana nyumba saba za kudumu: mbili zilitoka kwenye ramani, nne kwa wateja waliomsema kwa wenzao, na moja kwa yule jirani wa Nyarugusu, ambaye siku hizi anafanya kazi naye. Tangazo amelirudisha kwa dola 5 kwa siku, maneno manne tu, na orodha ya kuzuia yenye maneno 38.

Wanaotaka kufungua ukurasa wa ramani waje ofisini Jumanne jioni baada ya darasa la Kiingereza. Leteni simu, picha tatu za kazi zenu, na nenosiri la barua pepe yenu. Nenosiri hilo jamani lijaribuni nyumbani kwanza.