Je, marefa wanazibeba timu kubwa? Somo la uadilifu kutoka uwanjani

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na kila baada ya mechi ya Simba au Yanga darasa langu huanza na kesi kabla ya somo. Waliofungwa husema refa kanunuliwa. Walioshinda husema refa ni mwadilifu, mashaallah, tena achezeshe na wiki ijayo. Wiki ijayo ikifika wanabadilishana maneno. Katika kelele hizo kijana mmoja aliuliza swali ambalo naona linastahiki kujibiwa kwa utulivu: "Ustadh, hivi kweli refa anaweza kuwa mwadilifu mbele ya timu kubwa?"

Wapo watakaosema ukurasa huu una mambo mazito zaidi ya mpira. Nawaelewa. Lakini refa ni hakimu. Anahukumu baina ya watu wawili wenye ugomvi, mbele ya mashahidi maelfu, na hukumu yake hutekelezwa papo hapo. Kwa wengi wa vijana wetu huyu ndiye hakimu pekee wanayemuona kazini kwa macho yao kila wiki. Wanachokiamini juu yake ndicho watakachokiamini kesho juu ya kadhi, juu ya msimamizi wa mirathi na juu ya mwenyekiti wa kamati ya msikiti.

Tuanze na ushahidi, kwani Suratul Hujurat aya ya 6 inatuamrisha kuihakiki habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Je, yamewahi kuthibitika haya yanayosemwa?

Yamethibitika. Mwaka 2006 nchini Italia yalitolewa hadharani mazungumzo ya simu yaliyonaswa na wapelelezi. Katika mazungumzo hayo Luciano Moggi, meneja mkuu wa Juventus, alikuwa akizungumza na Pierluigi Pairetto, mmoja wa watu wawili waliokuwa na kazi ya kupanga marefa wa ligi. Juventus ilivuliwa ubingwa wa msimu wa 2004/05, ikanyang'anywa na ule wa 2005/06, kisha ikashushwa daraja kwa mara ya kwanza katika historia yake, na huko chini ikaanza ligi ikiwa imekatwa pointi 9. AC Milan, Fiorentina, Lazio na Reggina nazo zilikatwa pointi. Refa Massimo De Santis, aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia la mwaka huo Ujerumani, hakwenda.

Sasa hapa nawaomba vijana wangu wasikilize vizuri, kwa sababu wengi tunapofikiria refa kununuliwa tunafikiria bahasha chini ya meza. Kiini cha kesi ile ya Italia hakikuwa bahasha. Kilikuwa ni uteuzi: nani apangwe kuchezesha mechi gani, nani apate mechi kubwa na nani apelekwe mechi ndogo au akae nyumbani. Refa akishajua kwamba riziki yake na cheo chake vipo mikononi mwa watu wanaoelewana na mkubwa fulani, hana haja ya kuambiwa neno. Atapuliza kipenga huku akijihesabia mwenyewe. Katika simu mojawapo Moggi alisikika akijigamba kwamba amemfungia refa chumbani baada ya mechi ya Novemba 2004 ambayo Reggina iliifunga Juventus 2-1. Kufungiwa kwenyewe hakukuthibitika, lakini tazama mtu alivyoona fahari kulisema jambo hilo.

Mahakama za jinai nazo zilichukua miaka. Moggi alitiwa hatiani Naples mwaka 2011, na mwaka 2015 mahakama ya juu ikayafuta mashtaka yake makuu kwa kuwa muda wa kisheria umepita. Adhabu ya soka, ya kufungiwa maisha, ilibaki.

Lakini upo mfano mwingine unaopindua mambo. Mwaka 2005 nchini Ujerumani refa Robert Hoyzer alikiri kupanga matokeo. Mechi iliyojulikana zaidi ni ya Kombe la Ujerumani, Agosti 2004, baina ya Paderborn ya daraja la chini na Hamburg ya Ligi Kuu. Hamburg ilitangulia kwa mabao 2-0, kisha mchezaji wake akapewa kadi nyekundu, Paderborn ikapata penalti mbili, na mechi ikaisha 4-2. Yaani refa aliyenunuliwa kweli kweli, aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka miwili, alikuwa anaimaliza timu kubwa! Na waliomnunua hawakuwa viongozi wa klabu bali wacheza kamari. (Kwa hili nasema na nyie mnaokuja darasani mkiwa na mikeka mfukoni: anayepiga kelele kuliko wote kwamba refa kamdhulumu mara nyingi ni yule aliyeweka pesa yake. Kamari imeharamishwa katika Suratul Maidah aya ya 90, na moja ya hekima zake mnaiona hapo.)

Hivyo basi rushwa ipo, na haina timu. Lakini swali la yule kijana halikuwa juu ya rushwa. Aliuliza kama refa asiyechukua hata shilingi anaweza kuwa mwadilifu, na hili ni gumu zaidi.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, Nevill na wenzake, walichapisha jaribio lao. Waliwachukua marefa 40 wenye vyeti, wakawaonesha katika video matukio 47 ya wachezaji kugombea mpira katika mechi ya Liverpool na Leicester City. Wengine walitazama wakisikia kelele za uwanjani, wengine walitazama kimya. Waliosikia kelele walitoa faulo chache dhidi ya Liverpool, wenyeji, kwa asilimia 15.5. Matukio ni yale yale, na hakuna aliyepewa kitu wala kuahidiwa. Ni sauti tu iliyoingia masikioni.

Huko Hispania nako Garicano na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2005, waliangalia dakika za nyongeza. Wenyeji wakiwa nyuma kwa bao moja, marefa waliongeza kiasi cha dakika 4. Wakiwa mbele kwa bao moja, kiasi cha dakika 2. Na mwaka 2020, ugonjwa wa corona ulipofunga milango ya viwanja, watafiti waliona katika ligi za Ulaya kwamba ule upungufu wa kadi za njano waliokuwa wakiufaidi wenyeji ulipungua sana.

Mtu atasema: hayo ni ya wenyeji, si ya timu kubwa. Ni kweli, na ni vizuri kutenganisha. Lakini uwenyeji wenyewe ni nini kama si wingi wa watu na kelele zao? Timu kubwa ina mashabiki kila mkoa. Yanga au Simba ikienda mkoani, mara nyingi jukwaa limejaa rangi zake kuliko za mwenyeji. Kwa maana hiyo timu kubwa inasafiri na uwenyeji wake. Ongeza redio, magazeti na simu za watu, ambako kosa dhidi ya timu kubwa litajadiliwa wiki nzima na kosa dhidi ya timu ndogo litasahauliwa kabla ya Magharibi. Refa ni binadamu, anayajua haya.

Hata hivyo nawatahadharisha na hesabu za haraka. Kijana mmoja aliniletea orodha ya penalti, akasema timu fulani imepata nyingi, basi inabebwa. Huo ni ushahidi mbovu. Timu inayoshambulia dakika tisini, muda wote ikiwa ndani ya eneo la hatari la wenzake, itapata penalti nyingi hata ikichezeshwa na malaika. Mpaka uangalie faulo zinazofanana zilihukumiwaje kwa huyu na kwa yule, hujathibitisha kitu.

Sasa tuje kwenye dini yetu, na hapa ndipo ninapofurahi kuwa mwalimu wa somo hili. Wanazuoni wetu hawakusubiri jaribio la kelele. Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Bakra (r.a.), alimkataza hakimu kuhukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana hasira. Wanazuoni wakafanya kiasi: wakaingiza njaa kali, kiu, usingizi, huzuni, hofu na haja ya kwenda msalani. Tazama ufahamu huo. Hawakusema hakimu mwenye njaa ni mla rushwa. Walisema ni mtu mwema ambaye akili yake imeshughulishwa, basi aahirishe. Fiqhi ilijua kwamba dhulma inaweza kutoka kwa mtu asiyekusudia dhulma.

Sayyidna Umar (r.a.) katika barua yake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alimtaka asawazishe baina ya watu hata katika namna ya kuwatazama na kuwakalisha, ili mkubwa asiingiwe na tamaa ya kupendelewa na mnyonge asikate tamaa ya kupata haki. Refa anayecheka na nahodha wa timu kubwa huku akimkaripia nahodha wa timu ndogo ameshavunja barua ya Umar kabla hajapuliza kipenga.

Na mkubwa akikosa? Kisa cha mwanamke wa Banu Makhzum tunakijua. Aliiba, na kabila lake lilikuwa zito, watu wakamtuma Usama bin Zayd (r.a.), kipenzi cha Mtume (s.a.w.), akamwombee. Mtume alikasirika, akawaeleza kuwa waliopita waliangamia kwa kumwacha mwizi mtukufu na kumwadhibu mwizi dhaifu, na akaapa kwamba hata angekuwa Fatima binti yake asingemwacha.

Ama kuhusu zawadi, ipo hadithi ya Ibn al-Lutbiyyah aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akahoji kwa nini asikae nyumbani kwa wazazi wake akaona kama zawadi hizo zingemfuata. Nilipoisoma kesi iliyofichuka Hispania mwaka 2023 niliikumbuka hadithi hii. Ilibainika kuwa klabu ya Barcelona ililipa zaidi ya euro milioni 7, kati ya 2001 na 2018, kwa kampuni za José María Enríquez Negreira, ambaye kwa miaka hiyo alikuwa makamu wa rais wa kamati ya marefa. Klabu ilikana kununua mechi, ikasema ni malipo ya ripoti za ushauri. Mimi simhukumu mtu kwa jambo lililoko mahakamani. Lakini swali la Mtume (s.a.w.) halihitaji mahakama: kama asingekuwa na kiti kile, je, fedha zile zingemfuata nyumbani kwake?

Kipo na kisa cha Nabii Daud (a.s.) katika Suratu Saad, aya ya 21 mpaka 26. Walimjia wagomvi wawili, mmoja ana kondoo 99 na mwenzake ana mmoja, na mwenye 99 anamtaka na yule mmoja. Ukisoma utadhani ni usajili wa wachezaji! Daud (a.s.) akasema huyu wa 99 amedhulumu. Kisha akatambua kuwa amejaribiwa, akaomba msamaha. Baadhi ya wafasiri wanasema jaribio lilikuwa katika kuhukumu kabla ya kumsikiliza mwenye 99. Yaani hata mkubwa, hata tajiri, anayo haki ya kusikilizwa. Suratun Nisaa aya ya 135 inalitaja hili waziwazi: awe tajiri au fukara, Allah ana haki zaidi juu yao wote wawili, kwa hiyo hakimu asiinamie upande wa mwenye nguvu kwa hofu wala wa mnyonge kwa huruma. Refa anayeipa timu ndogo penalti ya kufuta kosa la kipindi cha kwanza hajarudisha haki, amefanya makosa mawili.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule kijana ni hili. Kwa nafsi yake peke yake, refa hawezi, na wala sheria yetu haikumtegemea hakimu kwa nafsi yake peke yake. Ilimwekea kadhi posho ya kumtosha kutoka Baitul Mal asihitaji mkono wa mtu. Ilimkataza kupokea zawadi kutoka kwa asiyekuwa na mazoea ya kumpa kabla ya cheo. Ilimzuia asihukumu kesi ya mzazi wake wala mwanawe. Misri wamelijua hili, miaka mingi huita marefa wa nje kuchezesha Al Ahly na Zamalek, na Machi 2025 Al Ahly haikutokea uwanjani kwa sababu refa wa nje hakuletwa. Ajabu ni kwamba Juni mwaka huo huo mechi ya Yanga na Simba ikachezeshwa na refa kutoka Misri. Kila mtu anamwamini mgeni.

Refa wetu wa kawaida ana kazi nyingine ya kumlisha, na malalamiko ya posho kuchelewa si mageni katika nchi zetu. Mashabiki wanaotaka uadilifu waanze kuuliza hapo: analipwa lini, nani anampanga, na kwa vigezo gani vilivyo wazi kwa timu zote. Kuhusu kumwita fulani mla rushwa kwa sababu ya kibendera kilichochelewa kunyanyuliwa, rejeeni aya ya 12 ya Suratul Hujurat, tutaisoma darasani wiki ijayo inshaallah, na atakayekuja na mkeka mfukoni nitamwomba auache mlangoni.

Wallahu aalam.