Ng'ombe Arudiye Malishoni Apewe Nini Jioni?



Katika mwezi wa Agosti, hapa Njoro penye mji wa Moshi, ng'ombe warudipo jioni huonekana matumbo yao yamejaa kama ngoma. Mwenye ng'ombe hufurahi, husema, "Leo ameshiba." Lakini asubuhi chombo cha maziwa hakijai, na baada ya wiki chache mbavu zaonekana. Tena ng'ombe aliyezaa mwezi wa Mei hapandwi, maana joto lake halirudi. Basi mwaka ufuatao hakuna ndama, wala maziwa, wala fedha ya sare na madaftari ya watoto. Wengine hudhani ya kuwa ana ugonjwa wa siri. Mara nyingi ugonjwa huo ni njaa.

Je, mwenye tumbo lililojaa aweza kuwa na njaa? Ndiyo. Yafaa tujue kwamba ng'ombe hasagi nyasi kwa nguvu zake peke yake. Katika tumbo lake la kwanza vimo vijidudu vingi mno visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vivunjavyo nyasi ngumu. Navyo pia vyahitaji chakula, yaani protini. Ikiwa malisho yana protini chini ya sehemu 7 katika 100, vijidudu hulegea, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hana nafasi ya kula tena. Nyasi za kiangazi zilizokwisha kukauka zimesimama, na mabua ya mahindi yenye sehemu 3 mpaka 5 tu, huleta taabu hiyo.

Huku chini mvua ya mwaka ni kama milimita 900, na vihamba vya juu, upande wa kusini wa mlima, hupata karibu maradufu. Kwa hiyo aliye juu hufunga ng'ombe zizini na kumletea majani, na aliye chini humpeleka machungani. Lakini wote wawili wakipungukiwa hukimbilia mgomba. Hukata shina, hulikatakata, hulitia horini. Sisemi ni vibaya; mgomba umeokoa ng'ombe wengi katika ukame. Ila tuupime.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 ahitaji kila siku chakula kipatacho kilo 12, kikihesabiwa kikavu, pasipo maji yaliyomo. Tuseme machungani amepata nusu; zimebaki kilo 6. Shina la mgomba karibu lote ni maji: katika kilo 100 hupati zaidi ya kilo 10 kavu, na mara nyingi ni 5 au 6 tu. Basi ili kuziba pengo hilo kwa mgomba, mama atabeba kilo 100, yaani mizigo minne mizito ya kichwani, na protini bado haipo! Mabingobingo, ndiyo majani ya tembo, yakikatwa yangali machanga, yamefika urefu wa mita moja hivi, kilo 25 zina kama kilo 4 kavu. Yakiachwa yarefuke kupita mtu, huongezeka mzigo na kupungua chakula.

Sasa tutazame njia nyingine. Chukua kilo 4 za mabua makavu ya mahindi, uyakate vipande vifupi kama kidole. Changanya na kilo 8 za majani mabichi ya lusina. Mchanganyiko huu hutoa kilo 6 kavu zile zile, nayo protini yake yafika kama sehemu 10 katika 100. Uzito wote ni kilo 12 badala ya 100. Shingo ya mama itaona tofauti kabla ya ng'ombe kuiona. Akina mama wa mlima huu ndio wabebao majani, nao wamejua biashara ya maziwa tangu zamani. Wale wa Nronga, huko Machame, walianzisha chama chao cha maziwa mwaka 1988.

Lakini lusina ina sharti lake. Ndani yake mna sumu iitwayo mimosini, kwa hiyo isizidi theluthi ya chakula chote cha siku, na ng'ombe azoezwe kidogo kidogo muda wa wiki moja au mbili. Tena tangu mwaka 1992 kuna mdudu mdogo anyonyaye machipukizi yake. Ndiyo sababu si vema kutegemea mti mmoja. Panda na desmodiamu, itambaayo hata katika kivuli cha migomba. Majani na maganda makavu ya maharage nayo yasichomwe moto shambani. Ni bora kuliko mabua.

Kazi hii haianzi Agosti. Aliyengoja Agosti amechelewa, sharti anunue. Masika yakiwa yanakwisha, mwezi wa Mei na Juni, kata matawi ya lusina, yaanike kivulini siku mbili tatu, yapukute, utie majani katika magunia. Mahindi yakivunwa, mabua yapandishwe darini au juu ya kichanja, mvua na mchwa wasiyafikie. Wala usikate majani chini ya kahawa iliyonyunyiziwa dawa hivi karibuni.

Wapo waulizao kama nyongeza itolewe masika pia. Malisho yakiwa mengi na mabichi, ukimjaza ng'ombe mabua asubuhi, atakwenda machungani asile, na maziwa hayataongezeka. Umebadili chakula chema kwa kibaya. Kwa hiyo mpe jioni, baada ya kukamua, ale usiku kwa utulivu na kucheua. Asubuhi tazama hori. Akiacha vipande vigumu kidogo, amepata kiasi. Akiwa amelamba mpaka ubao, ongeza.

Maji nayo wengi huyasahau. Katika maziwa, sehemu 87 kwa 100 ni maji, na ng'ombe akamuliwaye hunywa lita 40 mpaka 60 kwa siku, hata kuzidi siku za joto. Apewapo mabua makavu na ndoo moja tu ya maji, huyaacha horini.